Hapo Ndipo Dereva Anaposhuka

Dar es Salaam
3 Machi 2024

Mjomba wangu Tarsis,

Kamwene, na shikamoo. Natumaini wewe na anti Hilda hamjambo na mvua za Makambako hazijabomoa ukuta wa choo kama mwaka jana. Mimi mzima. Joto la huku ndilo linalotaka kunimaliza, nalala na kanga iliyolowekwa maji.

Jana niliongea na bibi. Anasema mahindi ya Mjimwema yameshika vizuri ila mguu wa kushoto unamsumbua. Umemtumia tena mafuta na sukari kwa basi, anashukuru. Akaongeza, nami namnukuu bila kupunguza: "Vitu vyake vinashuka stendi ya Njombe kila mwezi, yeye mwenyewe hashuki." Mjomba, ni saa moja tu kutoka hapo ulipo. Nenda ukamwone mama yako.

Nakuandikia barua kwa sababu anti amesema koo limekubana, huongei kwenye simu, na ujumbe wa simu wewe unasema ni wa watu wanaokimbizwa. Haya, mzee wa barua, kaa vizuri.

Huku chuoni mhadhiri anatuonyesha filamu mbili kila wiki. Hataki tusimulie hadithi. Anataka tuandike zilivyotugusa sisi wenyewe. Wiki iliyopita akaweka ile ya mama anayeuza chai kwenye stesheni ya reli, kule kwenye theluji, akimngoja mwanawe arudi vitani. Nikamnong'oneza mwenzangu: hii naijua, niliiona nikiwa darasa la tatu, kwenye banda la video la mjomba wangu, yeye akitutafsiria kwa maikrofoni. Mwishoni kijana anashuka na sanduku, anakunywa vikombe vitatu, mama anamwambia, "Taratibu, utaungua ulimi." Banda zima tulicheka.

Mjomba, hakuna kijana! Treni inapita bila kusimama. Yule mama anamwaga chai yote relini, anaosha birika, filamu imekwisha. Vikombe vitatu ulivitoa wapi? Wenzangu walilia kwa sababu ya filamu. Mimi nililia kwa hasira, kwamba umenidanganya miaka yote hiyo ukiwa na maikrofoni mkononi.

Na yule mwalimu mzee wa ngumi wa Kichina, uliyesema amefufuliwa na mizizi? Nimemwangalia pia. Kafa kabisa.

Nijibu kabla sijakushtaki kwa anti.

Mpwa wako,
Oktavia


Makambako
17 Machi 2024

Mpwa wangu Oktavia,

Kamwene, mama. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Silvanus, yule kondakta, nikamsomea anti yako akacheka hadi akaunguza maharage. Sisi wazima. Binti yetu Lightness amejifungua salama, mtoto wa kiume, kwa hiyo sasa mimi ni babu na wewe ni mama mdogo, jiandae kuheshimiwa. Koo ni mafua tu. Nimelifunga skafu, nakunywa tangawizi. Kwenye banda nimepunguza, Jumamosi na Jumapili peke yake.

Sasa mashtaka yako. Sikani kwamba treni inapita. Lakini wewe umekulia hapa, unawajua watu wangu. Benchi la kwanza madereva wa malori, benchi la pili makuli wa mbao, nyuma akina mama waliouza mahindi wakasubiri usafiri. Hawa ni watu wa njiani. Mtu kaacha watoto Tunduma, kesho yuko Chalinze. Nimwambie mwana hakufika? Aondoke na hilo barabarani? Mimi nilikuwa natafsiri watu, mwanangu, sikuwa natafsiri filamu. Huyo mhadhiri wako hajawahi kusimama mbele ya wanaume hamsini wenye usingizi.

Halafu vikombe vitatu vilikuwa vya haki. Kijana ametoka vitani.

Mama nitamwona. Kazi zimebana kidogo.

Soma kwa bidii. Usitazame kila kitu wanachokuwekea.

Mimi mjomba wako,
Tarsis Mligo


Dar es Salaam
28 Aprili 2024

Mjomba,

Kamwene. Mpe Lightness pole na hongera. Mtoto aitwe nani? Tafadhali msimpe jina la mchezaji wa filamu. Mimi nimemaliza majaribio, nimefaulu yote isipokuwa taa. Siku zote naweka taa kidogo mno, mwalimu anasema filamu zangu zinaonekana zimepigwa ndani ya ukungu. Nikamwambia natoka Njombe.

Nilitaka barua hii iwe ya mzaha kama ile ya kwanza. Nimeianza mara tatu.

Alhamisi walituwekea ile ya lori. Unaijua. Dereva anaendesha asubuhi kwenye ukungu, anamgonga mwanamke mwenye kikapu. Anasimamisha gari. Anatazama kwenye kioo cha pembeni. Mkono wa yule mwanamke unainuka kutoka barabarani, polepole, kama mtu anayeomba ruhusa darasani. Halafu dereva anaweka gia anaondoka. Filamu nzima iliyobaki ni yeye akiishi na mkono ule.

Sikuwahi kuijua hiyo filamu iliyobaki. Kwenye banda lako CD ilikuwa na mkwaruzo palepale, kwenye kioo, kila mara inakwama. Picha inaganda, watu wanapiga kelele, na wewe unamalizia kwa mdomo: "Hapo ndipo dereva anaposhuka! Anakimbia, anapiga magoti, anamwambia, vumilia dada yangu, nakubeba!" Na unaeleza alivyombeba, alivyompeleka hospitali, alivyopona. Hadi jasho linakutoka. Watu walikuwa wanapiga makofi mbele ya picha iliyoganda.

Nilipotoka darasani nikakaa kwenye ngazi nikahesabu. Uliionyesha mara moja tu kwa mwaka, Julai. Anti alikuwa akininunulia andazi siku hiyo kwa sababu tulikuwa tumetoka misa ya mama.

Filamu nyingine ulizibadilisha ili watu wacheke. Hii hukuwahi kuichekesha. Na katika filamu dereva hamwiti mtu yeyote dada.

Nilikuwa na miaka mitano mama alipokufa. Najua alichoniambia kila mtu: gari lilimgonga kwenye kona ya nyumbani, akafa palepale, gari halikujulikana. Sikuwahi kuuliza zaidi kwa sababu ulikuwa unanilea, na mtoto anayelelewa haulizi sana. Sasa nauliza. Mama alikufaje? Nani alimgonga?

Mhadhiri ametaka kurasa mbili kuhusu tulivyoguswa. Nimempa karatasi tupu yenye jina langu.

Oktavia


Makambako
19 Mei 2024

Oktavia,

Kamwene. Sisi wazima. Mtoto ameitwa Fidelis. Baridi imeanza mapema, viazi vimeshuka bei, anti yako anakusalimu.

Mama yako alikufa palepale. Uliambiwa hivyo na hivyo ndivyo ilivyo. Gari halikujulikana. Filamu ni filamu, waliitengeneza watu wasiotujua. Kama chuo chenu kinawafundisha kufukua makaburi, mngeletewa majembe badala ya kamera.

CD ilikuwa imekwaruzika kwa sababu ilikuwa CD mbovu.

Nilikwenda hospitali ya Ilembula. Daktari amesema si mafua. Wamekata kinyama wakapeleka kupimwa. Nipumzishe sauti, amesema, na wewe unaniongezea maneno.

T. Mligo


Dar es Salaam
8 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Leo ni tarehe nane. Nimekwenda misa ya asubuhi peke yangu, nikamwombea mama, nikakuombea na wewe na koo lako. Anti ameniambia majibu ya Ilembula. Amelia kwenye simu. Amesema banda umelifunga, na kwamba jana ulikaa humo mchana kutwa na maikrofoni mapajani, haijachomekwa popote.

Nimekusubiri wiki saba. Nimeandika barua nne nikachana. Nimekasirika, nimekuonea huruma, nimekasirika tena kwa sababu nimekuonea huruma. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa maandishi ya chini ya filamu. Ulinibeba mgongoni hadi darasa la pili, watu wakatucheka. Sina baba mwingine. Kwa hiyo usifikiri swali hili ni jepesi kwangu.

Anti aliniambia jambo jingine, hakujua ni kubwa. Kwamba kabla ya banda ulikuwa utingo wa lori la mbao, la marehemu Rabson, na kwamba uliacha kazi hiyo Julai 2006, ghafla, bila kusema sababu, na tangu hapo hujapanda lori wala kupita ile barabara ya Njombe.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yako imefika miaka kumi na minane.

Ulikuwa ndani ya lile lori?

Oktavia


Makambako
4 Agosti 2024

Mwanangu Oktavia,

Kamwene.

Sauti imekwisha. Jana nilijaribu kumwita anti yako kutoka uani ukatoka upepo. Basi hii nakuandikia kwa sababu siwezi kuisema kwa namna nyingine, na nadhani Mungu amesubiri hadi nisiwe na namna nyingine.

Ndiyo. Nilikuwa ndani.

Unakumbuka nyumba yetu ya zamani, pale konani, kabla bibi yako hajahamia Mjimwema? Mimi na Rabson tulipita pale kila wiki tukitoka Njombe na mbao. Kabla ya kona nilipiga honi mara tatu. Kamba ya honi ilining'inia juu ya kichwa changu, upande wa utingo. Feliciana akisikia tatu anajua ni Tarsis, anatoka na chupa ya chai na viazi kwenye kitambaa. Rabson anapunguza, dada yangu anakimbia kidogo pembeni, ananipa dirishani. Gari halikuwahi kusimama. Ulikuwa mchezo wetu. Alikuwa akinitukana kwa Kibena na kucheka, kwamba hata mbwa husimama akipewa chakula.

Siku ile zile mbao hazikuwa na kibali. Tulitoka Njombe saa kumi na mbili asubuhi ili tupite kizuizi kabla wakaguzi hawajaamka. Ukungu ulikuwa mzito, taa zinaishia hatua tano. Nilimwambia Rabson mwenyewe, kwa mdomo wangu: leo hakuna chai, usipunguze. Akasema sawa.

Na tulipokaribia kona mkono wangu ukavuta kamba. Mara tatu. Sikuuamuru. Ulikuwa umezoea.

Akatoka. Alijua tutapunguza, kwa sababu nimemwita. Hatukupunguza.

Lilisikika pigo dogo tu. Rabson akakanyaga breki, akaniuliza, "Tumegonga nini?" Mimi ndiye niliyekuwa upande huo. Nikatazama kwenye kioo. Ukungu mtupu. Nikasema, "Mbuzi. Twende."

Nimeishi kwenye neno hilo. Kwa miaka mingi nilijiambia sikujua, sikuona. Kweli sikuona. Lakini nilisikia chupa ikipasuka, Oktavia. Mbuzi habebi chupa ya chai.

Hakufa palepale. Alilala hapo hadi ukungu ulipoinuka, saa tatu, watu wa shamba wakamkuta, mama yangu akiwa nao. Wakampakia kwenye pikapu kumkimbiza Ilembula, mama akapanda nyuma akamshika kichwa. Alifia njiani. Walisema alikuwa anaweweseka, anarudia neno moja: "Mwambieni Tarsis chai imemwagika." Watu waliliona ni neno la mtu anayekata roho. Waliniambia msibani wakidhani watanifariji.

Rabson alijua jioni ile. Hatukuongea tena hadi alipokufa.

Ile CD niliikwaruza mwenyewe, kwa msumari. Niliipata mwaka uliofuata kwa mchuuzi, nikaitazama peke yangu, nikafika kwenye kioo. Nilitaka angalau mara moja kwa mwaka mtu ashuke. Nilitaka watu wamwone anashuka na wapige makofi.

Sikuombi msamaha, nisingejua niuweke wapi. Naomba moja tu. Mama usimwambie. Ana miaka themanini na moja, alizaa wawili. Aniache nife nikiwa mtoto wake.

Tarsis


Dar es Salaam
15 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma. Nimeisoma bafuni mlango umefungwa, halafu nimeosha uso nikaenda kipindi cha taa.

Maneno niliyonayo ni mabaya, na nimeogopa kuyatuma kwa Silvanus.

Nakuja. Jumamosi ya tarehe 31 fungua banda, saa tisa mchana. Waite watu wako. Ile filamu nitakuja nayo nzima. Maikrofoni nitashika mimi, nawe utakaa benchi la mbele.

Oktavia


Mjimwema, Njombe
3 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama kwa bibi. Mguu umevimba lakini anatembea, amenichinjia kuku ingawa nilimkataza. Mwambie anti asante kwa zile nguo nzito, huku asubuhi mtu anaona pumzi yake.

Ulikuwepo Jumamosi, lakini uliinamisha kichwa muda wote, kwa hiyo nakueleza ambayo hukuyaona. Lilijaa hadi mlangoni. Madereva waliokufahamu zamani walikuja kukupa pole, wakakaa. Nilianza kwa sauti ya chini, mzee mmoja akasema, "Ongeza, binti, wewe si damu ya Tarsis?" Nikaongeza. Dakika ishirini nilikuwa wewe. Niliwachekesha hata.

Tukafika kwenye kioo. Picha haikuganda. Mkono ukainuka. Nikawa nasikia banda zima limevuta pumzi linakusubiri wewe useme. Nikasema, "Hashuki." Nikasema tena, kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri: "Anamwona. Hashuki. Anaondoka."

Mtu akapiga kelele nyuma: "Mwongo! Tarsis alituambia alishuka!" Wakaanza kubishana. Ndipo ulipoinuka. Ulisimama mbele ya skrini, lori likakupita usoni, ukatikisa kichwa. Hapana. Ukatikisa tena hadi wakanyamaza. Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Walidhani unatetea filamu.

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kufurahi kukuona hivyo. Sikufurahi. Bado nina hasira, mjomba, na itakaa, sitakudanganya. Ila nilikuona umekonda na shati langu la zawadi limekuwa kubwa, nikataka kukushika mkono na sikukushika. Sasa najuta.

Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Juzi mchana tulikuwa jikoni, bibi anapukuchua mahindi, kanikazania nimwambie ni filamu gani hiyo iliyonitoa Dar hadi Makambako. Nikamsimulia. Nilimwambia ukungu, nikamwambia lori, nikamwambia mwanamke na kikapu. Nikafika kwenye mkono. Bibi akaacha kupukuchua.

"Sasa huyo dereva akafanyaje?"

Mjomba, mimi ndiye niliyekuita mwongo. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu wazima nikasema kweli kwa maikrofoni. Nilimtazama bibi, na kilemba chake, na vidole vyake vilivyopinda, na ombi lako likiwa kwenye mkoba wangu.

Nikasema, "Alishuka, bibi. Akambeba akampeleka hospitali. Akapona."

Bibi akaokota gunzi, akaliweka motoni.

"Tarsis naye ndivyo anavyosema bandani kwake, naambiwa," akasema. "Nilimshika mama yako kichwa njia nzima, Oktavia. Alikuwa na akili zake timamu. Alinieleza honi ngapi alisikia."

Yeye akaendelea na mahindi yake, hindi lile akalimaliza, akachukua jingine. Ndipo akasema neno ambalo amenituma nikuandikie, na kabla sijafunga bahasha amenifanya nimsomee kuhakikisha sijalibadilisha.

Amesema: "Mwambie mdogo wake Feliciana aje. Basi linasimama hapa stendi kila siku. Miaka kumi na minane nimemngoja ashuke."

Oktavia